Mpaka Iwepo Hukumu

Grefiye alikuwa hatamki neno mwizi. Angeweza kumkuta mtu amembana kuku wa jirani kwapani, manyoya yamemjaa kwenye shati, naye angesema, "Bwana huyu anatuhumiwa kuchukua kuku." Siku paka wake mwenyewe alipokula nyama ya Pasaka, mkewe alitusimulia jinsi mzee alivyomtetea: hakuna aliyemwona akila, kilichoonekana ni paka akijilamba. Tulicheka wiki nzima mtaani kwetu Rwezamenyo. Mimi nilicheka kuliko wote, maana chumba changu cha kushonea kiko kwenye kona ambapo habari za watu hupita kabla hazijawafikia wenyewe.

Grefiye ni karani wa mahakama. Ndivyo walivyoitwa zamani, wakati ofisi zilikuwa zikiongea Kifaransa, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Jina lake halisi sitalitaja, wala sitasema alikuwa mtoto wa nani. Hayo wanayo watu wa ukoo wake. Mimi ninayo mengine, na mengi kati ya hayo natamani nisingekuwa nayo.

Alikuwa na koti moja la kahawia ambalo nimelifumua na kulishona upya mara nyingi kuliko nguo yoyote niliyowahi kushika. Alitaka mfuko wa ndani upande wa kulia kwa sababu alitumia mkono wa kushoto, na ndani ya mfuko huo mlikuwa na kalamu ya wino mweusi. Wino wa bluu aliuita wa barua za mapenzi. Alikuwa amekulia Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi wa Rwezamenyo, ambao babu zetu walikuja na Kiswahili kizuri cha pwani nasi tukakivaa mpaka kikachakaa. Hakutucheka. Aliinua nyusi tu, na mtu alirudia sentensi yake bila kuambiwa.

Jioni alikuja kucheza igisoro, bao letu la huku, mlangoni kwangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu huyu mnyofu alikuwa mwizi wa kete. Alikuwa akisogeza mbegu mbili tatu kwa kidole cha mwisho huku anauliza habari za watoto. Nikimwambia, mzee, umeiba, alinitazama kwa utulivu mkubwa.

"Umeona au umehisi?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Na shahidi wa pili yuko wapi?"

Sikuwa na shahidi wa pili, kwa hiyo nilishindwa mchezo baada ya mchezo, na nilimpenda hivyo hivyo.

Lakini asidhani mtu kwamba sheria yake ilikuwa mzaha. Kuna siku watu walimkamata kweli bwana mmoja na kuku wa jirani, wakaanza kumpiga karibu na bomba la maji. Grefiye alikuja na daftari lake la mahudhurio ya umuganda, kazi ile ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, akageuza jerikani tupu, akaketi katikati ya vurugu. Hakumkemea mtu. Aliuliza tu, nani amepiga la kwanza, akaandika. Nani amepiga la pili, akaandika. Alipofika jina la nne, watu walikuwa wamekumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Yule bwana alibaki chini na mdomo umevimba, naye Grefiye akamwandika vilevile, kama mtuhumiwa, akampeleka polisi kwa miguu, wameongozana kama watu wanaotoka sokoni.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Akanieleza kuhusu mtu mmoja ambaye aliandika kesi yake miaka ya mwanzo ya kazi. Mtu yule alikaa rumande mpaka kesi ikasikilizwa, akaonekana hana hatia, akarudi nyumbani akakuta mkewe anaishi na mwingine na watoto wamefundishwa kumwita jambazi. Grefiye ndiye aliyempa nakala ya hukumu. Mtu yule aliigeuza nyuma akaangalia, kama aliyetegemea kukuta kitu kingine kimeandikwa huko. Kisha mzee akaniambia jambo ambalo wazee wa nchi hii hawalisemi kwa sauti kubwa. "Fundi, hapa kwetu watu wamewahi kufa kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye orodha. Mimi jina la mtu silikati mpaka iwepo hukumu."

Sikuuliza tena. Nani angeuliza?

Hata hivyo, mwanawe wa kiume hakungojewa hukumu. Jirani mmoja alikuja kusema kwamba kijana ameonekana mtaa wa jirani, Nyakabanda, mchana kweupe amelewa chakari, na Grefiye, ambaye kwa kuku alitaka mashahidi wawili, kwa damu yake alitosheka na mmoja. Hakusema naye kwa miaka minne. Mkewe alilia mpaka akazoea. Nilipojaribu kumwombea kijana msamaha, mzee alinijibu kwamba nyumbani kwake yeye si karani. Nilikasirika, na kwa kuwa nilikasirika sikufikiri. Laiti ningefikiri, ningejua kwamba sheria ya mtu huyu ilikuwa na mahali pa kuogopea, kama mtu mwingine yeyote.

Sasa nimefika mahali ninapopakwepa.

Palikuwa na bwana mmoja mtaani, dalali wa viwanja na nyumba. Sisi tunawaita makomisiyoneri, na huyu aliitwa Komisiyoneri kana kwamba wengine hawapo. Alikuwa mtu wa watu. Kwenye msiba ndiye wa kwanza kuleta viti, kwenye harusi ndiye wa mwisho kuondoka. Chumba changu cha kushonea ni yeye aliyenitafutia. Na palikuwa na Mama Hadija, mjane aliyeuza mkaa ng'ambo ya barabara, ambaye marehemu mumewe alimwachia kiwanja kidogo huko Masaka, pembeni mwa mji. Alikuwa amepanga uzeeni aachane na nyumba ya kupanga, ajenge vyumba viwili huko na kulima dodo, mchicha wetu wa huku, na maharage. Alikuwa akikizungumzia kiwanja kile kama watu wanavyomzungumzia mtoto anayesoma vizuri.

Asubuhi moja Komisiyoneri alimleta Mama Hadija dukani kwangu kwa sababu nina meza pana. Aliweka karatasi mezani, akamwambia ni za kupimwa upya kwa kiwanja, mipaka isije ikaliwa na majirani. Mama Hadija hajui kusoma. Alitia dole gumba mara tatu. Mimi nilikuwa nakata suruali upande wa pili wa meza hiyo hiyo, na kidau cha wino kilikuwa changu. Niliziona karatasi. Najua kusoma. Juu yake palikuwa pameandikwa kwamba ameuza.

Nilinyamaza. Nilijiambia labda wameelewana, labda mama mwenyewe anajua, mambo ya watu hayana mwisho. Mkasi wangu uliendelea kukata. Baada ya miezi kadhaa Mama Hadija alikwenda Masaka akakuta msingi umechimbwa.

Alishtaki. Faili likafunguliwa, tarehe ya kusikilizwa ikapangwa, na mimi nikaandikwa kuwa shahidi wake. Alivuka barabara akaja kusimama mlangoni pangu, mikono myeusi ya mkaa ameificha nyuma asiniharibie vitambaa.

"Fundi, weye ulikuwa apa. Ulisikia vile alisema iko karatasi ya kupima. Utasema, sindiyo?"

Nikamwambia nitasema.

"Mimi sina muntu mwingine," akasema. "Niko na weye na Mungu tu."

Wiki chache kabla ya tarehe hiyo, uchaguzi wa mkuu wa mudugudu ukafika. Mudugudu ndio ngazi ya chini kabisa ya utawala, nyumba zetu hizi tu, lakini mkuu wake ndiye anayekuandikia barua ya makazi, ndiye anayejua nani kaweka meza yake mbele mno barabarani. Grefiye, kwa uzoefu wake wa karatasi, alikuwa msimamizi wa uchaguzi huo mtaani kwetu. Na Komisiyoneri akapendekezwa kugombea.

Kwenye mkutano baada ya umuganda, watu bado wana majembe mikononi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, dada kijana, alisimama akasema hafai kugombea mtu mwenye kesi ya kudhulumu mjane wa mtaa huo huo. Grefiye akauliza kama kuna hukumu. Haipo. Basi atagombea. Akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma, kwamba leo tukimtoa mtu kwa sababu ya faili, kesho atakayetaka kukutoa wewe atakwenda kukufungulia faili. Watu waliitikia kwa vichwa, maana ilikuwa kweli. Hata leo naona ni kweli.

Lakini yule mwalimu hakuketi. "Mzee, ingekuwa karatasi ya siri kwenye sanduku, nisingesema. Hapa tunapiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mashahidi wa kesi wako hapa hapa. Watasimama wapi?"

Grefiye alivua miwani akaifuta. Akasema atalifikiria, na mkutano ukaisha.

Siku mbili baadaye Komisiyoneri alikuja kupimwa suti. Alisema akishinda anataka kuapishwa ndani ya nguo ya mtaa wake. Kuhusu kesi hakugusa hata neno. Aliuliza habari za wanangu, mmoja mmoja kwa jina, na akasema meza yangu ya nje imekaa vizuri pale ilipo, mtu asiisogeze. "Tuko pamoja, Fundi," akasema, akanipiga begani. Mkono ulikuwa mwepesi kabisa.

Siku iliyofuata, alasiri, Grefiye akaja. Hakuketi, hakuomba igisoro. Alisema yeye hana mamlaka ya kulikata jina la mgombea, na hata angekuwa nayo asingelikata. Ila amefikiri maneno ya yule dada. Wapo wakubwa wa uchaguzi anaoweza kuwaandikia. Kama shahidi mmoja tu atasema anamwogopa mgombea, ataomba Komisiyoneri asimame kando mpaka kesi imalizike. Hiyo, alisema, si adhabu kwa mtuhumiwa. Ni kumlinda shahidi. Alikuwa ametafuta usiku na mchana mlango wa kupitia bila kuvunja neno lake, na mlango alioupata ulikuwa mimi.

"Kwa hiyo nakuuliza, Fundi. Unamwogopa?"

Sijui mtu mwingine angejibu nini. Mimi ni mwanamume, nina ndevu, nina wanafunzi wawili wa ushonaji waliokuwa wanasikiliza. Na kusema ninamwogopa ilikuwa ni kuandikwa, kwa wino mweusi, barua iende juu, na barua zikienda juu hurudi chini zikiwa zimesomwa na kila mtu.

"Simwogopi, mzee."

Alinitazama kidogo. Akasema vizuri, akarudisha kalamu mfukoni, akaenda zake. Niliona mgongo wake ukishuka kuelekea kwake na nikajisikia nimeokoka. Hicho ndicho nilichojisikia, na nakiandika kama kilivyokuwa.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika kwenye uwanja wa nyasi chini ya shule. Wagombea wawili walisimama mbele, Komisiyoneri na mzee mmoja muuza vitabu vya dini ambaye hata mkewe hakutegemea ashinde. Grefiye akasoma kanuni, akasema kila mtu aende nyuma ya anayemtaka. Watu wakatembea. Ukisimama namna ile unajua ghafla kwamba una mgongo, una kisogo, una viatu ambavyo kila mtu anavifahamu. Komisiyoneri aligeuza shingo, akatafuta, akanipata. Hakuniita. Alitabasamu kama mtu aliyenishikia nafasi.

Nikaenda. Nyuma yangu wakaja wengine, na mstari ukawa mrefu mpaka kwenye ukuta. Kwa yule mzee walisimama watu saba. Mwalimu alikuwepo, na wa mwisho kabisa alikuwa Mama Hadija, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Aliangalia mstari wetu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta nyumba. Alipofika kwangu, macho yake yakapita, kisha yakarudi.

Grefiye alituhesabu kwa kumgusa kila mtu begani. Aliponifikia alinigusa kama wengine.

Mahakamani niliulizwa nilisikia nini siku ile. Nilisema ni zamani kidogo, nilikuwa kazini, sikumbuki vizuri maneno yaliyosemwa. Wakili wa Komisiyoneri akauliza kama si mimi niliyejipanga nyuma ya mteja wake, kwa hiari yangu, mbele ya mtaa mzima, wakati nikijua tuhuma hizi. Nikasema ni mimi. Wakili akasema hana swali lingine. Kwa hukumu ile, ushahidi ulikuwa hautoshi, na Masaka wakaendelea kujenga.

Jioni ya siku hiyo nilimwona Grefiye akivuka barabara na nakala ya hukumu mkononi. Nilidhani anakwenda kwa Mama Hadija. Alipita mkaa, akaenda mpaka kwa Komisiyoneri aliyekuwa ameketi na wenzake, akampa mkono na kumwita mkuu. Watu wengi walimwona mnafiki. Mimi nilijua si unafiki. Hukumu ilikuwa imetoka, na kwa sheria yake mtu yule alikuwa safi, kwa hiyo alimsalimu kama mtu safi. Wahenga walisema haki ya mtu haipotei. Wangekuja kukaa na sisi kidogo.

Baada ya hapo Grefiye hakuja tena mlangoni kwangu. Tulisalimiana njiani, mzee, fundi, basi. Mama Hadija aliacha kuuza mkaa, akahamia kwenye chumba kimoja Nyakabanda, na nikasikia kifua kinamsumbua. Sikwenda kumwona. Kila Ijumaa nilijiambia Ijumaa ijayo. Alipofariki nilikwenda kuzika, nikasimama nyuma kabisa, na baada ya miezi michache Grefiye na mkewe nao wakahama, wakaenda kuishi kwa binti yao huko Masaka.

Mwaka jana mkewe alinipigia simu. Alisema mzee hatoki tena kitandani na ameniulizia mara mbili. Nilichukua pikipiki mchana, nikamkuta chumbani dirisha wazi, amekonda, mikono imelala juu ya shuka. Kijana wake, yule wa Nyakabanda, ndiye aliyenifungulia mlango. Sikuuliza walipatana lini.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Niliketi kwenye kiti karibu na kichwa chake nikasema yote, tangu kidau cha wino mpaka mahakamani. Nikamwambia kwamba siku ile aliponiuliza kama ninaogopa nilimdanganya, na kwamba laiti ningesema neno moja Mama Hadija angekuwa na vyumba vyake viwili. Nadhani nilitaka anihukumu. Mtu akishahukumiwa, angalau anajua amekaa wapi.

Alisikiliza mpaka mwisho, macho yametazama dari.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba unaogopa. Ulikuwa unakanyaga cherehani muda wote tunaongea, na sindano haikuwa na uzi." Alivuta shuka mpaka kifuani. "Ningeweza kukuuliza mara ya pili. Karani yeyote angeuliza mara ya pili. Sikuuliza. Ulinipa jibu lililoniacha na sheria yangu, nikalichukua nikaondoka haraka usije ukabadilisha."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimembebesha heshima ili mimi nibaki na hatia peke yangu, na kumbe hata hiyo haikuwa yangu yote. Nilifikiri kusikia hivyo kungenipunguzia. Hakukunipunguzia chochote. Sasa tulikuwa wawili, na bado hapakuwa na wa kutusikiliza.

Nilipoinuka kuaga alinishika kiganja. Alisema kuna neno moja limebaki, na ndilo aliloniitia kwa simu. Kabla hajafa, Mama Hadija alikwenda kumwona, kwa miguu, akipumzika kila kona. Hakuuliza habari ya kiwanja. Aliuliza habari yangu.

"Aliniuliza, 'Mzee, Fundi ako na ugonjwa? Muntu muzima kama yure hawezi kusahau vile, kama hana ugonjwa wa kichwa.' Alikuwa na wasiwasi nawe."

"Ukamjibu nini?"

Grefiye, ambaye kwa paka alitaka shahidi, alifumba macho.

"Nilimwambia ndiyo, unaumwa. Akasema, 'Maskini, kumbe ndiyo maana, na mimi nilikuwa nimeanza kumuwazia vibaya.' Akasema atakuombea dua kila swala."

Mama Hadija aliishi wiki nane baada ya kwenda kwa mzee. Sijui ziliingia swala ngapi.